Nguo Apewayo Mfiwa

Wasomaji wetu, katika kurasa kama hizi watu hupima vitabu, mashairi na nyimbo, wakasema hiki ni chema, na hiki kina kasoro. Leo twataka kupima nguo. Wala si nguo ya harusi, wala ya sikukuu, bali ile inayofuatana na msiba, na hasa ile ambayo wanawake wa kanisa huishona au huinunua kwa nia ya kumfariji aliyefiwa. Nguo nayo ni kazi ya mikono na ya akili. Yasema neno kama kitabu kisemavyo, na kwa hiyo yafaa kuulizwa kama neno lake ni la kweli.

Kipimo chetu twakitwaa hapa hapa kwetu. Tura, mashariki mwa Tabora, palikuwa mahali pa kwanza pa Unyamwezi kwa misafara iliyotoka pwani, ikiisha kuivuka nyika ya Mgunda Mkali, yenye maji haba. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857 pamoja na mwenzake John Speke, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni “tua”, yaani weka chini mzigo wako, kwa kuwa msafiri, atoke mashariki au magharibi, hakosi kukawia hapo. Mpagazi wa siku zile alichukua mzigo wa ratili 70 hivi, na kila aliyepata kujitwika mzigo mzito ajua kwamba kuutua peke yako ni kazi ngumu, ndiyo maana mtu humwambia mwenzake, “Nitue.” Basi, kwa kila nguo ya msiba tutauliza swali moja: je, yamtua mfiwa, au yamwongezea mzigo?

Swali hilo si geni katika njia hii, maana misafara ile ilikuwa misafara ya nguo. Aliyesafiri kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji hakuchukua fedha mfukoni, alichukua majora. Kwa nguo alinunua mtama na mbuzi, kwa nguo aliwalipa wapagazi, kwa nguo alitoa hongo kwa watemi ili apishwe. Shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8, na kila mtoto wa njiani alijua kuzipima. Nguo iliyotakwa kuliko zote ni ile nyeupe isiyochovywa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Marekani, hasa baada ya Sayyid Said kufanya mkataba na nchi ile mwaka 1833. Watu wakaiita merikani, na jina likabaki hata nguo yenyewe ilipokuwa yatoka kwingine. Pamba iliyofumwa merikani ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Na merikani hiyo, ikifika bara, ilinunua pembe za ndovu, na pengine watu. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Nguo hiyo hiyo iliyokuwa fedha ilikuwa pia nguo ya mauti. Maiti alizungushiwa nguo nyeupe, na Waislamu walio wengi mjini Tabora hata leo hufuata kawaida ya sanda ya nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke. Livingstone alipokufa mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliuvika mwili wake kaliko, wakautia ndani ya gome la mti, wakalishonea turubai juu yake, wakauchukua mpaka Unyanyembe na kutoka huko mpaka pwani. Lakini hizi zote ni nguo za aliyekufa. Sisi twauliza habari za nguo ya aliyebaki.

Katika msiba wa siku hizi, nguo ionekanayo mbele ya zote ni sare. Mjini Tabora na katika vijiji vya kando ya reli, kama ilivyo Dar es Salaam na Mwanza, mtu akifa jamaa hukaa wakachagua kitenge kimoja. Kila mwanamke wa ukoo hununua doti yake akampelekea fundi, na wanaume na vijana huvaa fulana zenye picha ya marehemu. Vyama vya wanawake vya makanisa navyo vina vitenge vyao, na mwenzao akifiwa huja safu kwa safu wamevaa namna moja.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Sare ina sifa zake. Wanawake 40 waliovaa nguo moja, wakitembea pole pole nyuma ya jeneza, humwambia mfiwa jambo ambalo maneno hayawezi kulisema vema: hukuachwa peke yako. Mgeni atokaye mbali hutambua mara moja nani wa ukoo, akajua ampe nani mkono. Fulana yenye picha hulitaja jina la marehemu na kuuonyesha uso wake, nalo si jambo dogo. Tena fundi wa cherehani hupata riziki yake.

Walakini tukiitia sare katika kipimo chetu, twaona kasoro iliyo katika mshono wake wa kwanza: nguo hii huvaliwa na mfariji. Mfiwa hapewi kitu. Bali mara nyingi naye hudaiwa doti yake, siku ile ile anapotafuta mbao za jeneza. Binamu asiye na fedha huona haya, akaketi nyuma karibu na jiko, si kwa sababu hakumpenda marehemu, bali kwa sababu hakuvaa kama wenzake. Nguo iliyotakiwa kuwaunganisha watu imewatenga kwa kadiri ya mifuko yao. Wahenga walisema, “Kifo cha wengi harusi,” wakiwa na maana ya kwamba msiba ukiwa wa watu wengi uchungu hupungua. Lakini kwa sare, maturubai na wapishi wa kukodi, methali hiyo yaelekea kutimia kwa namna wasiyoikusudia. Isitoshe, maneno ya sare hukoma siku ya maziko. Matanga yakiisha kuanuliwa, kila mtu hurudi kwake na kitenge chake, na mjane hubaki katika nyumba isiyo na nguo mpya hata moja, ila madeni.

Sasa tuitazame nguo ya namna nyingine, ambayo wengi wetu hatukuizoea. Katika makanisa mengi ya Marekani wako wanawake wakutanao, pengine mara moja kwa juma, wakashona mfarishi. Mfarishi ni blanketi la tabaka tatu: juu ni viraka vya nguo mbalimbali vilivyoungwa kwa mpango, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, chini ni bitana. Tabaka hizo hushikizwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayopita zote, au kwa vifundo vya uzi vilivyofungwa hapa na pale. Mtu wa kanisa akifiwa, mfarishi hutolewa kabatini ukapelekwa kwake, na mara nyingi wenye kuushona huuombea kwanza, kila mmoja ameuwekea mkono. Shirika la Lutheran World Relief, lililoundwa mwaka 1945 vita vilipokuwa vikiisha, hupokea mifarishi ya namna hii kutoka kwa makanisa, nayo huwa na kipimo cha inchi 60 kwa 80. Maelfu kwa maelfu imepelekwa kwa wakimbizi na watu wa dhiki katika nchi nyingi, na Tanzania imo.

Tukiipima kwa kipimo cha Tura, twaona kwanza kwamba mfarishi huondoka mikononi mwa mfariji ukabaki kwa mfiwa. Aliyeushona hauvai. Hakuna awezaye kumtambua kwa huo katika safu ya waombolezaji, na picha yake haipigwi. Pili, mfarishi hausemi siku ya maziko, wakati watu ni wengi na kelele ni nyingi. Husema usiku wa arobaini, au wa mia, katika baridi ya mwezi wa Juni, mjane anapojifunika peke yake. Ajuaye kufiwa ajua kwamba siku zile za nyuma ndizo ngumu, maana wageni wamekwisha kwenda na jembe lataka kushikwa. Tatu, saa zilizotumika katika kushona zimo ndani ya nguo yenyewe. Aupapasaye mfarishi hukuta mishono mamia kwa mamia, akajua kwamba kuna mtu aliyeketi kitako kwa ajili yake.

Yako mabishano, nasi twayajibu. La kwanza ni la viraka. Kwetu kiraka ni alama ya umaskini, na mtu atauliza: je, tumpe mfiwa matambara? Jibu limo katika kazi yenyewe. Kiraka kilichowekwa kuficha tundu ni aibu, lakini viraka vilivyochaguliwa rangi kwa rangi, vikapangwa mraba kwa mraba, ni mapambo, kama vile ukili wa rangi mbalimbali ufanyavyo mkeka. Hatusemi kila mfarishi ni mzuri. Mwingine umeshonwa kwa haraka, rangi zake zagombana, mishono yake ni mirefu kama ya gunia. Nguo ya namna hiyo yamwambia mfiwa ya kwamba yeye ni wa kupewa masazo, na afadhali isipelekwe.

Bishano la pili ni zito zaidi. Mfarishi utokao ng'ambo umeshonwa na mtu asiyemjua mfiwa wala marehemu. Na sisi nguvu yetu katika msiba ni kukaa: watu huja, hulala juu ya mikeka, huteka maji, hupika, hunyamaza pamoja. Jirani wa Kiislamu hufuata sunna ya kuwapelekea chakula wenye msiba ili wasiwashe moto. Na jirani Mkristo hufanya vivyo hivyo. Je, blanketi lililotoka katika kabati laweza kushika mahali pa kukaa huko? Haliwezi, wala lisijaribu. Kama mfarishi ungekuja kwetu ili mtu autupe mlangoni akaenda zake, tungeukataa. Lakini hapa ndipo twaona kwamba nguo hii, ikishonwa na jirani, ingelikamilisha lile tulilo nalo. Kukaa kwetu kuna siku zake za kwisha, na nguo yaendelea kukaa.

Ili kuona kazi hii inapofika katika kilele chake, twakwenda tena Marekani, mahali paitwapo Gee's Bend, katika jimbo la Alabama. Palikuwa shamba kubwa la pamba, na wakazi wake ni wazao wa watumwa waliolilima, wengi wao wakiitwa kwa jina la bwana wa shamba, Pettway. Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa huko, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake. Akazitwaa nguo zake za kazi za shambani, zilizopauka kwa jua na kuchakaa magotini, akazishona mfarishi, ili ajifunike nao na kumkumbuka. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia, ndiye aliyewasimulia watu habari hizo baadaye. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend iliwekwa katika nyumba za makumbusho za Houston na New York, na wajuzi wa sanaa wakaistaajabia wakiilinganisha na picha za wachoraji wakubwa.

Sisi twaupenda mfarishi huo kwa sababu nyingine. Hauna ua wala nyota. Ni vipande virefu vya buluu iliyofifia, kijivu na weupe uliochafuka, na mahali palipokuwa na mfuko pameacha alama ya rangi iliyokolea kuliko penginepo, maana jua halikupafikia. Alama hiyo hakuna fundi awezaye kuibuni. Ni maisha ya mtu yameandika katika nguo. Na mkumbuke, wasomaji, yale tuliyosema juu ya merikani. Pamba ya watumwa wa kusini mwa Marekani ilifumwa nguo, nayo ikaletwa katika njia yetu kununua vitu na pengine watu. Katika mikono ya mjukuu wa watumwa hao, pamba hiyo hiyo haikununua kitu. Ilimfunika mjane.

Wako watakaosema kwamba nguo za marehemu kwetu hugawiwa kwa ndugu na rafiki, na wengine huogopa kuzilalia. Desturi ya kugawa ni njema, wala hatutaki ivunjwe, maana nayo ni namna ya kumweka marehemu kati ya watu wake. Hatumshurutishi mtu kufanya kama Missouri Pettway. Twasema tu kwamba alituonyesha jambo: nguo ya kufariji haina haja ya kuwa mpya wala ya bei, yahitaji kuwa ya kweli.

Tena isidhaniwe kwamba twachukia nguo zinazoonyeshwa mbele ya watu. Tarehe 11 Oktoba 1987, mjini Washington, ulitandazwa mfarishi wa ukumbusho wa waliokufa kwa UKIMWI. Ulikuwa na vipande 1,920, kila kimoja cha futi 3 kwa 6, kadiri ya kaburi, na kila kimoja kilishonwa na watu waliompenda marehemu, kikiwa na jina lake. Hata sasa vimezidi kuongezwa. Wakati huo ugonjwa ule ulitajwa kwa minong'ono, hata huku kwetu, ambako wagonjwa wa kwanza walijulikana Kagera mwaka 1983, na wengi walizikwa bila ya sababu ya kifo kusemwa. Nguo ile ilitandazwa kwa sababu watu walikuwa wamefichwa. Ukubwa wake ulikuwa na kazi. Basi kosa la sare haliko katika kuonekana kwake. Kosa ni kwamba aonekanaye zaidi ni mvaaji, na mzigo humrudia mfiwa.

Walio wa kanisa wana mfano wao wa kale katika kitabu cha Matendo ya Mitume, habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakionyesha nguo alizowashonea wakati wa uhai wake. Ni jambo la kufikiri. Hakuna habari kwamba wajane wale walishona nguo mpya za msiba ili waonekane kundi moja. Ushahidi wao ulikuwa ile nguo aliyoitoa marehemu mwenyewe, ikiwa imevaliwa na kufuliwa mara nyingi. Vikundi vingi vya wanawake vimejiita kwa jina la Dorkasi. Yafaa vijiulize kama kazi yao ni ya sindano yake au ni ya jina lake tu.

Basi hukumu yetu ni hii. Sare ni salamu njema, lakini haimtui mfiwa, na kila ilipokuwa sharti kwa maskini imekuwa mzigo. Mfarishi wa ng'ambo ni zawadi ya kweli yenye upungufu wa kutomjua apewaye. Mfarishi ulioshonwa na mikono ya jirani, kwa viraka vilivyochaguliwa vema, ukapelekwa wakati matanga yamekwisha, ungeufikia ubora wa hizo zote mbili.

Wala hatutaki kazi isiyowezekana. Mkoa wa Tabora una wakulima wa pamba, huko Igunga na Nzega, ijapokuwa sehemu kubwa ya pamba ya nchi yetu huuzwa nje kabla ya kufumwa. Katika kila soko wako mafundi wa cherehani ambao chini ya meza zao kuna chungu ya vipande vya vitenge, na jioni vipande hivyo hufagiliwa vikachomwa. Blanketi lililochakaa lafaa kuwa tabaka ya katikati, na shuka ya zamani yafaa kuwa bitana. Wanawake watano wakikutana Jumamosi moja kwa mwezi, hawatakosa mfarishi mmoja au miwili ya kuweka tayari kabla ya kipupwe. Na sisi waalimu, tufundishapo ushonaji, twaweza kuwafundisha watoto kuunga mraba kwa mraba, nao wakajifunza hesabu na subira kwa pamoja. Kama chama cha wanawake hakiwezi kuacha sare kabisa, na kikate nusu ya fedha zake, nusu hiyo inunue uzi na sindano.

Atakaye kuanza asingoje mkutano wala barua ya wakubwa. Na aende kwa fundi wa soko la kwao, amwombe asivichome vipande vyake.